Sisi waongozaji wa msituni si wasindikizaji

Mhariri,

Kazi yangu ni kuwafundisha watoto msituni, na kuna jambo linaniuma. Shule nyingi hutuona kama wasindikizaji: tuhesabu vichwa, asipotee mtu, basi. Nikikabidhiwa watoto 60 kwa saa moja, nitawafundisha nini zaidi ya kutembea kwa mstari?

Juzi nilipata kundi la watoto 12. Tulikaa kando ya gogo lililooza kwa nusu saa nzima. Msichana mmoja aliyekuja akiogopa buibui alimtazama mmoja akifuma utando, mara akaanza kumhesabu miguu. "Minane! Mbona sisimizi ana sita?" Sikumjibu. Nilimwambia atafute wengine awahesabu. Nyuki sita, kipepeo sita, panzi sita. Akarudi mbio kutuambia kwamba buibui hayumo katika kundi lao.

Karl von Frisch, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alitumia miaka mingi akiwatazama nyuki mpaka akaelewa kuwa wanaelekezana kwenye chakula kwa kucheza dansi. Kutazama huko ndiko tunakofundisha, na kunataka muda.

Nawaomba wakuu wa shule wapunguze ukubwa wa makundi, na walimu wakutane nasi kabla ya safari. Wanaotuajiri nao watulipie mafunzo ya huduma ya kwanza. Mtoto akiumwa na nyoka mbali na barabara, sisi ndio tulio karibu naye.

Mwongozaji wa msituni