Uliposema "basi"

Mwenzangu,

Mdogo wako aliniandikia juzi. Anakusanya picha na video zako za zamani zionyeshwe siku ya harusi yako, akaniuliza kama nimebaki na chochote cha ile trela yetu ya darasani, tangazo fupi la tamthilia. Nikamjibu nitatafuta. Sikuwa na haja ya kutafuta. Najua kila kitu kilipo, hadi jina la folda. Shoti ya 17, yaani kipande cha picha cha 17, teki ya 4, jaribio la nne la kukirekodi, nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri hapa.

Nilijaribu kukuandikia wewe peke yako. Kila mara nilifika mstari wa tatu nikafuta. Nikiandika hapa sitaweza tena kujifanya sijasema.

Siku ya kwanza mwalimu alieleza kwa nini tamthilia za aina ile huitwa opera za sabuni: miaka ya 1930 huko Marekani, watengenezaji wa sabuni ndio waliokuwa wakilipia michezo ya mfululizo ya redioni, kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa akina mama wakiwa na kazi za nyumbani. Darasa zima likacheka. Wewe hukucheka. Akaitaja Guiding Light, iliyoanza redioni 1937, ikaingia televisheni 1952, ikafika mwisho 2009. Ukapiga hesabu kwa vidole. "Miaka 72," ukaninong'oneza. "Watu wamezaliwa, wameolewa, wamezeeka, bado wanasubiri kesho itakuwaje. Sisi tuna sekunde 90 za kumfanya mtu asubiri." Hapo ndipo nilipokuomba tuwe kundi moja. Sijawahi kujutia ombi lile, hata leo.

Na uliniponya ugonjwa wangu mapema. Mimi nilitaka kuisimulia hadithi yote, dada wawili, barua ya marehemu baba, mdogo ameificha, mkubwa anaigundua, wanapatana. Nikaibandika ukutani kwa vijikaratasi, mwanzo hadi mwisho, nimeridhika kabisa. Ukasimama mbele ya ukuta, penseli umeichomeka kwenye nywele, ukavibandua vijikaratasi vyote vya upatanisho ukavitia mfukoni. "Trela haijibu," ulisema. "Trela inauliza, halafu inaondoka." Vilivyobaki ukavipanga upya bila kufuata mtiririko: barua inachanwa kabla hatujajua imetoka kwa nani, mlango unafungwa kabla hatujamwona aliyetoka. Ilikuwa bora mara kumi kuliko yangu. Nilikuambia siku ile, na narudia mbele ya watu.

Orodha ya shoti niliiandika mimi. Shoti 22. Ya 17 ilisomeka hivi: uso wa dada mkubwa, karibu sana, kamera kwenye stendi, haisogei, sekunde 3. Maneno: "Basi. Imetosha."

Sasa tufike pale.

Unajua tulivyokuwa tumejipanga. Nilikuwa nimebandika utepe sakafuni kuonyesha ule mstari wa nyuzi 180, ili kamera isivuke upande wa pili na dada wawili wakaonekana wote wanatazama upande mmoja badala ya kutazamana. Kikombe mkono wa kulia katika kila teki. Jua la dirishani lilikuwa limebaki na nusu saa hivi kabla halijahama ukutani. Simu zote zilikuwa kwenye kapu karibu na mlango, kwa amri yangu. Isipokuwa yako. Ulisema unasubiri ujumbe wa nyumbani. Sikuuliza ujumbe gani. Hilo nimejiuliza miaka yote: kwa nini sikuuliza?

Teki tatu za kwanza zilikuwa safi na zilikuwa baridi. Ulilisema neno vizuri, lakini ulilisema kama mtu anayesoma. Nikakuambia, "Safari hii usiigize." Nilipokuwa nafuta lenzi nikakuona unasoma simu. Ukaigeuza kifudifudi mezani. Taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Nikakuuliza, "Uko sawa?" Ukasema, "Tuendelee."

Wewe ndiye uliyesema tuendelee.

Nikawasha kamera. Ulikaa kimya muda mrefu, muda ambao trela haina. Machozi yakatoka bila uso kukunjamana, yakashuka upande mmoja tu, wa kushoto, upande wa dirisha. Kikombe kikaanza kutetemeka, kikagongagonga kisahani chake. Halafu ukasema, "Basi."

Ukaishia hapo. "Imetosha" hukusema. Na hukuwa unamtazama mdogo mtu wa hadithi, ambaye tulikuwa tumemsimamisha kushoto kwa kamera. Ulitazama ndani ya lenzi, ukapita lenzi, ukanitazama mimi.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikukibonyeza. Kamera iliendelea sekunde 41 baada ya neno lile. Nimezihesabu, ni fremu 1,025, picha moja moja 25 kila sekunde.

Nilijitetea hivi, na nimejitetea hivi kwa miaka: kwenye seti neno la kusimamisha kamera ni moja, "kata," na wa kulisema ni mwongozaji. "Basi" lilikuwa neno la kwenye skripti. Ningejuaje ni dada mkubwa anayesema, au ni wewe? Mwigizaji mzuri anapofika pale ndipo mwongozaji anaposhika pumzi asiharibu. Kila tuliyemsoma alituambia hivyo. Na ungeweza kuinuka. Ungeweza kuweka mkono mbele ya lenzi. Hukufanya hivyo. Mshika maikrofoni aliposema sasa turekodi sauti ya chumba, watu wote watulie sekunde 30, nawe ulitulia, chozi likining'inia kidevuni, kwa sababu uliijua kazi: bila ule ukimya wa chumba, mkato, pale vipande viwili vinapounganishwa, unasikika. Nikiisikiliza rekodi ile kwa sauti ya juu, pumzi yako imo.

Kisha ukachukua begi ukaondoka. Habari za bibi yako nilizipata kesho yake, kwa mtu mwingine. Pole yangu ilikufikia siku mbili baadaye, kwa ujumbe wa simu, yenye maneno matano. Bibi aliyekulea. Naandika hili na mikono imekuwa mizito.

Uliporudi hukusema neno kuhusu shoti ile, nami nikachukulia ukimya wako kuwa ruhusa. Tukaketi kuhariri pamoja, bega kwa bega, kama zamani. Uso wako nikauweka baada ya mkono unaochana barua. Tulikuwa tumesoma habari za Kuleshov, yule Mrusi aliyeunganisha uso mmoja wa mwigizaji na sahani ya supu, na jeneza, na mwanamke, na watazamaji wakaona njaa, huzuni na hamu kwenye uso uleule. Wewe ndiye uliyekuwa ukilipenda somo lile. Nami nilifanya hivyohivyo kwako. Kilio cha bibi yako nikakifanya kilio cha karatasi. Nikairefusha shoti kutoka sekunde 3 hadi 4. Ulikuwa umekaa pale pale. Ulisema tu, "Mkato wa kuingia uko mapema, ongeza fremu mbili." Nikaongeza.

Kwa hiyo usiku wa mwisho ulipojitolea kumalizia maandishi ya jina la tamthilia na kulitoa faili, nilikuamini. Nililala.

Hili ndilo nisilolisamehe, na bora nilitamke. Niliiona kazi yangu kwa mara ya kwanza pamoja na darasa zima. Barua ikachanwa. Na badala ya uso wako, giza. Sekunde 4, fremu 100, skrini nyeusi tii. Ulikuwa umetenganisha picha na sauti, picha ukaifuta, sauti ukaiacha: kikombe kinagonga kisahani, pumzi, halafu "Basi." Kisha mlango unafungwa, na jina.

Nilihisi nimevuliwa nguo. Hukuniuliza, hukuniachia hata kikaratasi. Miezi miwili ya kazi ya watu wanne, na mmoja anaibadilisha usiku peke yake. Ungeniamsha. Tungegombana, ndiyo, ningekataa, ndiyo, lakini tungekuwa tumegombana sote wawili tukiwa macho.

Mwalimu akaomba tuirudishe pale. Akazima taa zote. Ilipokwisha akauliza, "Giza hili nani aliliamua?"

Nikasema, "Mimi."

Sikukutazama. Nilijua uko kiti cha tatu kulia kwangu. Akasema ndio uamuzi bora aliouona katika trela zote za darasa lile, kwamba wengine wote walitumia uso kuomba huruma na sisi tukamwachia mtazamaji autengeneze uso mwenyewe. Niliitikia kwa kichwa. Nilisema asante. Tangu siku ile mimi na wewe tunasalimiana tu.

Nasikia sasa unawafundisha vijana kazi hii. Nafurahi, hakuna anayestahili zaidi yako. Waambie waandike orodha ya shoti kabla ya kugusa kamera. Waambie faili zote zihifadhiwe sehemu mbili kabla kadi haijafutwa. Waambie simu za waigizaji ziingie kapuni bila ubaguzi, maana kama yako ingekuwa kapuni siku ile ujumbe ungekusubiri mpaka tumalize, na teki ya 4 ingekuwa teki tu, na mimi na wewe tungekuwa

Hapana. Hiyo naiacha jinsi ilivyo, ili uone bado nafanya nini. Bibi angekuwa amefariki vilevile, nawe ungeigiza saa nzima bila kujua, kwa amri yangu. Waambie hivi: wakubaliane neno la kusimamisha kamera, liwe la kila mtu, na lisiwe neno lililomo kwenye skripti.

Mdogo wako nimempelekea picha mbili. Moja ni ile ya ukutani, penseli kichwani. Ya pili unamrekebishia kola mdogo mtu wa hadithi, unacheka mpaka macho yamefumba. Shoti ya 17 sijampelekea wala sitampelekea. Mwaliko wa harusi sijaupata, na kuandika huku si kuuomba. Ukitaka faili lile nitakuletea mkononi. Ukitaka lifutwe nitalifuta ukiwa unaona.

Kabla ya hapo nijibu jambo moja, hata kwa neno moja. Usiku ule ulikuwa na uwezo wa kufuta vyote, hakuna ambaye angekuzuia. Picha uliifuta. Sauti kwa nini uliiacha?