Adabu ya mbwa mbele ya chakula

Konde, Pemba

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kuwa tumbili wamepungua katika muhogo wako tangu ulipompata mbwa wa kulinda. Nimeona nikujibu mapema kwa sababu ya hilo la kuingia jikoni na kunusa vyungu. Sisi wafuasi wa Imam Shafi tumeruhusiwa mbwa wa kulinda shamba, lakini chombo alichokilamba hakitumiki mpaka kioshwe mara saba, moja wapo kwa udongo, nami sidhani kama mama watoto ataistahamilia kazi hiyo kila jioni.

Anza na watu kabla ya mbwa. Umeniandikia kuwa wewe humfukuza kwa fimbo, na watoto humrushia vichwa vya samaki mkiwa mkekani. Mbwa anayepewa mara moja moja hung'ang'ania kuliko anayepewa kila siku, maana hajui zamu yake ni ipi, kwa hivyo huzingojea zote. Kubalianeni nyumba nzima, bibi naye akiwemo, kuwa hakitoki kitu kwenye sinia kwenda kwa mbwa. Siku za mwanzo atazidi kulia na kubweka, na hapo ndipo bibi atakapomwonea huruma; mzuieni.

Chakula chake apewe asubuhi na jioni, saa zile zile, katika bakuli lake la bati, mwisho wa ua, kabla ninyi hamjaketi kula. Lishike bakuli juu bila ya kusema neno. Akikaa kitako literemshe polepole, na akiinuka kabla halijafika chini, lipandishe tena, mpaka agundue mwenyewe kuwa kutulia ndiko kunakoleta chakula. Wali na dagaa vinafaa, lakini mabaki ya mchuzi usimpe, kwani vitunguu huharibu damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa matumbo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kunguruma anapokaribiwa akila. Usimpige kwa hilo. Kunguruma ni onyo, na mbwa aliyepigwa mpaka akaacha kuonya huweza kuuma ghafla. Pita kwa mbali, umtupie kipande cha samaki kilicho bora kuliko kilichomo bakulini, kisha uende zako. Siku hadi siku usogee kidogo, na ukimwona amekakamaa mwili, rudi nyuma. Kazi hii ni yako peke yako, watoto wasiijaribu kabisa. Ikiwa hajachanjwa kichaa cha mbwa, mpeleke, na akitokea kumuuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mlango wa jiko utie komeo hata atakapokuwa ameshajifunza, kwani usiku hakuna wa kumtazama.

Nisalimie wote nyumbani.

Wassalaam,
Nduguyo