Wanaotazama watoto wetu wawe wawili

Ndugu Mhariri,

Wanafunzi wa vyuo wanaokuja kwenye shule za hapa Tanga kutafiti tabia za watoto wanafanya kazi njema. Tatizo ni fomu zao. Nyingi zina safu za "mkorofi", "mpole", "hana nidhamu". Hayo si matendo, ni hukumu ya anayeandika.

Chukua kusukuma. Wasichana wa Ngamiani wakicheza rede husukumana wakigombea mpira huku wakiangua kicheko. Fasili inayofaa ni hii: mkono au bega kumgusa mwenzake hadi asogee walau hatua moja, na aliyeguswa hacheki wala harudi mchezoni papo hapo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo nzito. Baada ya mchezo wa mabavu watoto hubaki pamoja. Baada ya ugomvi aghalabu hutengana.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumfuata mtoto anayevuta macho. Mwenye fujo ataandikwa kila mara, mkimya hatahesabiwa kabisa. Pigeni kura ya namba za watoto kabla ya kengele ya mapumziko. Mtazame mmoja sekunde 10, andika sekunde 5, na dakika ikiisha hamia kwa anayefuata. Mildred Parten, katika utafiti wake wa michezo ya watoto wadogo Marekani uliochapishwa mwaka 1932, naye alitazama kila mtoto kwa dakika moja moja. Rekodi za siku za mwanzo ziachwe, kwani watoto bado wanamshangaa mgeni.

Watazamaji wawe wawili, wakae mbalimbali, wasiulizane. Na wasituridhishe kwa "tulikubaliana asilimia 90". Tuseme vipindi vya sekunde 10 ni 100, na kila mtazamaji ameweka alama ya kusukuma kwenye vipindi 10. Kwa bahati tu wangetarajiwa kukubaliana mara 82: mara 1 wote wakiweka alama, mara 81 wote wakiacha wazi! Kapa, kipimo cha makubaliano alichokitoa mwanasaikolojia Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa bahati hiyo: 90 toa 82 ni 8, 100 toa 82 ni 18, 8 gawanya kwa 18 ni 0.44. Wengi hutaka isipungue 0.60. Ikiwa ndogo, irekebishwe fasili, kisha watazame upya.

Walimu wakuu, kabla ya kuwaruhusu uwanjani, ombeni ukurasa wa fasili na barua za ridhaa ya wazazi.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga