"Umechomoa chaja tu, mbona unanitoza?": kuhusu GPS za magari zisizoshika setilaiti

Swali hilo tumeulizwa mara nyingi kiasi kwamba tumeona tulijibu kwa maandishi. Mteja wa mwisho kuliuliza alikuja na gari ambalo GPS yake iliandika "inatafuta setilaiti" tangu anapowasha mpaka anapofika aendako. Alikuwa ameshanunua antena mpya mtandaoni, akaibandika mwenyewe, hali ikabaki ileile. Akanunua nyingine kubwa zaidi. Ileile. Tulipolipima gari, mkosaji alikuwa chaja ya simu iliyochomekwa kwenye tundu la kiberiti, karibu kabisa na kifaa. Tukaichomoa, setilaiti zikapanda. Alipoiona ada ya uchunguzi kwenye risiti akasema: "Fundi, umechomoa chaja tu, mbona unanitoza?" Akaondoka akiamini tumemla pesa zake.

Hatukumla. Kabla hatujaigusa chaja ile tulikuwa tumepima volti zinazofika kwenye antena zote mbili, tumelitoa gari karakanani na kulipeleka uwanja wazi, tumesoma nguvu ya kila setilaiti injini ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka, kisha tumezima redio, kamera ya dashibodi na feni, kimoja baada ya kingine. Hiyo ndiyo kazi tuliyoitoza. Antena mbili alizonunua zilimgharimu kuliko ada yetu, na zote mbili zilikuwa nzima.

Ili ieleweke kwa nini chaja ndogo inaweza kuizima GPS, inabidi ujue mawimbi haya ni dhaifu kiasi gani. Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hurusha mawimbi kwa makumi machache tu ya wati. Yanapofika kwenye kioo cha gari yamefifia mpaka yako chini ya kelele ya umeme ambayo kifaa chenyewe kinaizalisha. Kifaa huyafukua humo kwa sababu kinajua mapema mpangilio wa ishara za kila setilaiti. Tena hakitosheki na setilaiti moja. Kinahitaji angalau nne kwa pamoja, kwa kuwa mbali na latitudo, longitudo na kimo, kinatafuta pia saa sahihi.

Sasa weka chaja karibu yake. Chaja ya gari hushusha umeme wa volti 12 hadi 5 kwa kuukata na kuuwasha mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Iliyotengenezwa vizuri ina vichujio na kinga ya bati ndani, kelele hiyo haitoki. Kwenye zile za bei ya kutupa, vitu hivyo ndivyo mtengenezaji alivyopunguza ili bei ishuke, na kelele inamwagika mpaka kwenye masafa ya GPS yenyewe, megahezi 1575.42. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona huku jenereta linanguruma dirishani. Ukinunua antena yenye nguvu zaidi, unaongeza sauti ya vyote viwili, mnong'ono na jenereta. Ndiyo maana tunawaambia wateja wasikimbilie antena za "kuongeza nguvu" kabla gari halijapimwa.

Kamera za dashibodi ni wasumbufu hivyo hivyo, pengine zaidi, kwa sababu watu huzibandika nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, mahali palepale ambapo GPS hupata anga vizuri. Tulimpokea dereva mmoja aliyeapa kwamba GPS yake inaharibika usiku tu. Mafundi wengine walishamwambia anaota. Tulipokaa naye garini jioni akawasha taa za LED za mapambo alizofungiwa chini ya dashibodi, na palepale setilaiti zikaporomoka. Mchana hakuwa akiziwasha. Tukabadilisha kifaa kinachoziendesha, tukabana kwenye waya wake pete za feraiti, zile zinazozuia kelele ya umeme, na hajarudi na lalamiko hilo tena.

Jaribio hili unaweza kulifanya mwenyewe, na tungefurahi ulifanye kabla hujaja. Peleka gari mahali pa wazi pasipo na majengo marefu wala miti. Chomoa kila kitu: chaja, kamera, feni, taa za nyongeza. Kama kifaa chako kina betri yake, kitumie bila waya. Fungua ukurasa wa setilaiti, ule wenye nguzo zinazopanda na kushuka. Karibu kila kifaa kinao, umefichwa kwenye mipangilio. Penye namba, setilaiti iliyo juu ya kichwa inapaswa kusoma 40 na kitu. Zikiwa chini ya 30 karibu zote, kifaa kinahangaika. Baada ya hapo chomeka kitu kimoja, subiri dakika moja au mbili, angalia nguzo, kisha kingine. Ukikiona kilichoziangusha, umejiokolea ada yetu na hatuna kinyongo.

Kama nguzo ziko chini hata vitu vyote vikiwa vimechomolewa, tunahamia kwenye kioo. Vioo vya mbele vya magari mengi vimepakwa tabaka jembamba la metali linalorudisha joto la jua, na vingine vina nyuzi za kupasha moto. Metali hiyo hiyo huzuia mawimbi ya GPS. Watengenezaji wengi huacha sehemu ndogo bila tabaka hilo, kwa kawaida nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, mara nyingi imezungukwa na vidoti vyeusi. Kuna wateja waliokuja tayari kununua kifaa kipya, tukakihamishia kifaa chao cha zamani kwenye vidoti hivyo, na tatizo likaishia hapo.

Tinti ni habari nyingine, na hapa ndipo tunapoona hasara zinazouma. Karatasi ya tinti yenye metali ndani huifunika GPS, na huisumbua redio na simu pia. Ya kaboni au ya kauri haina shida hiyo. Mteja mmoja, ambaye antena yake imebandikwa ndani ya kioo cha nyuma, aliweka tinti ya metali, GPS ikafa, na badala ya kuuliza akachukua wembe akaanza kuikwangua pale penye antena. Pamoja na tinti alikata nyuzi za kuondoa ukungu zilizochapwa kwenye kioo. Nyuzi hizo hazishonwi kirahisi. Aliishia kulipia tinti ya kwanza, matengenezo ya kioo, na antena ya nje ambayo tangu mwanzo ndiyo iliyohitajika. Tafadhali, kabla ya kuweka tinti mwulize anayekuwekea ina metali au haina. Ni swali la sekunde tano.

Antena yenyewe, tukifika kwake, huwa inaonewa kuliko inavyoharibika. Ndani ya kile kikasha cheusi mna kigae cha kauri chenye pande za sentimita mbili na nusu hivi, na uso wake unataka kutazama angani. Tumezitoa zikiwa zimesimamishwa wima kwenye nguzo ya mlango, zimepinduliwa kifudifudi, zimesukumwa chini ya dashibodi juu yake kukiwa na boriti ya chuma inayoshika usukani. Zote zilikuwa zimefungwa na watu waliojali waya usionekane, basi. Antena ya sumaku ikilazwa juu ya paa la bati hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu bati iliyo chini yake huisaidia. Ikibidi ikae ndani, iwe bapa, chini ya plastiki au kioo kitupu, mbali na bomba la hewa ya moto na mbali na redio.

Na waya wake, jamani, usikatwe. Tunaomba hili kwa moyo wote. Waya wa antena si waya wa spika. Ni waya wa tabaka mbili, wa katikati na wa kuzunguka, na nafasi kati yake imepimwa. Waya huu mwembamba hupoteza mawimbi kila mita, kwa hiyo watu wanapoona umezidi urefu wanaukata, wanasokota ncha, wanafunga utepe mweusi. Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza mawimbi yanavuja na kurudi nyuma kwenye kiungo. Pili, na hili ndilo la gharama, waya wa katikati hubeba pia umeme wa volti 3 hadi 5 wa kuendesha kikuza mawimbi kilicho ndani ya antena. Ncha zikigusana, umeme huo unapiga shoti mpaka kwenye bodi kuu ya redio. Wengine vifaa vyao vina kinga. Wengine hawana, na sehemu inayolisha antena inaungua. Mama mmoja alituletea redio ya gari iliyofungwa na jamaa yake kwa njia hiyo. Antena ilikuwa rahisi kubadilisha, lakini kufungua bodi, kutafuta kijisehemu kilichoungua na kukilehemu chini ya darubini kulichukua muda mrefu, na muda huo hulipwa. Waya ukizidi, uzungushe duara pana, ufunge kwa kamba ya plastiki, uulaze nyuma ya kabati ya dashibodi. Usiukunje kwa pembe kali.

Lalamiko la pili kwa wingi ni hili: "Simu yangu inashika papo hapo, kwa nini GPS ya gari inachukua dakika nzima?" Wanaouliza huamini kifaa tulichowauzia ni kibovu. Setilaiti hutuma taarifa zake polepole mno, biti 50 kwa sekunde. Taarifa sahihi za njia ya setilaiti moja hurudiwa kila sekunde 30, na huaminika kwa saa nne hivi, baada ya hapo kifaa kinapaswa kuzipokea upya. Ratiba ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kukamilika. Simu yako huyaruka haya kwa kuzipakua taarifa kupitia intaneti. Kifaa cha gari kisicho na intaneti hakina njia hiyo.

Maana yake, ukitoka kwenye maegesho ya chini ya ardhi na kuondoka kwa kasi kati ya majengo marefu, kila jengo linalokatiza mawimbi hukirudisha kifaa nyuma katika kusoma zile sekunde 30. Simama mahali pa wazi dakika moja kwanza. Kifaa kipya, au kilichosafirishwa mbali, au kilicholala kabatini kwa miezi, kiache nje robo saa nzima bila kukisogeza.

Ndiyo maana pia hatupendi mtindo wa kurudisha mipangilio ya kiwandani kila GPS inapochelewa. Unafuta ratiba yote iliyohifadhiwa, na kifaa kinaanza upya kabisa. Watu hufanya hivyo, wanaona imekuwa polepole zaidi, wanafanya tena. Kama kifaa chako kinachelewa vile vile kila asubuhi hata uwanjani, na saa yake inapotea kikizimwa, shuku ile betri ndogo ya ndani inayotunza kumbukumbu. Tunaibadilisha. Ni kazi ya uangalifu kwa sababu mara nyingi imelehemiwa, lakini ni nafuu sana kuliko kifaa kipya.

Kuna na ugonjwa wa vifaa vya zamani. Mfumo wa GPS ulianza kuhesabu wiki tarehe 6 Januari 1980, na hesabu ya awali ina nafasi ya wiki 1,024 tu, kisha inarudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019, na itarudi Novemba 2038. Kifaa ambacho programu yake haikuandaliwa kwa hilo hujiona kiko karibu miaka ishirini nyuma, na kinaweza kutafuta setilaiti mahali zisipo. Angalia tarehe. Ikiwa imekosea kwa miaka mingi, unachohitaji ni programu mpya kutoka kwa mtengenezaji. Kama mtengenezaji ameacha kuitoa, tutakuambia wazi usitumie hata senti kwenye antena wala betri, hata kama tungeweza kukuuzia vyote viwili leo.

Mvua na mawingu hazina hatia. Masafa haya hupenya. Majengo marefu yana hatia, kwa kuwa mawimbi huruka kutoka ukutani na kukuonyesha uko mtaa wa pili, na hilo hakuna fundi anayeliondoa. Ramani iliyopitwa na wakati nayo si tatizo la setilaiti. Na vile vifaa vya kuziba GPS vinavyochomekwa kwenye tundu la kiberiti, hatuvifungi, hatuvitengenezi, na katika nchi nyingi ni kosa la jinai kuvitumia.

Kuhusu ada: uchunguzi tunautoza hata kama hatukuuzi kitu, na mteja anaelezwa hivyo kabla hatujagusa gari. Ukikubali matengenezo, ada inakatwa kwenye bili. Fundi anayechunguza bure hulazimika kukuuzia kitu ili siku yake isipotee, na kitu hicho kwa kawaida ni antena.

Ukija, njoo na gari lenyewe, si kifaa peke yake mfukoni, kwa sababu mezani kwetu kifaa hicho huenda kikashika vizuri kabisa. Usilisafishe wala kuchomoa chochote. Acha chaja, kamera na taa zako zote pale unapoziweka kila siku, lete na antena ya zamani kama bado unayo, na utuambie tatizo lilianza siku ulipoongeza kitu gani.