Shukrani kwa mshindani uliyesimama kutusaidia Cape Epic

Cape Epic ya Afrika Kusini ni siku 8 za baiskeli milimani, wawili wawili, na wenza hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika 2. Mwenzangu, kiongozi wa timu yetu, hilo hakulijali: alitimka mbele na pampu yetu pekee, akaniacha nyuma tairi langu limechanwa na jiwe.

Wewe ulisimama, na saa yako inakimbia. Uligeuza tundu likae chini ili dawa ya kuzibia pancha iliyomo tairini ikusanyike hapo, ukasokomeza kizibo cha mpira, ukakata ncha, ukajaza upepo kwa pampu yako. Tulipomkuta kiongozi, ukamwambia bila ukali: aliyechoka ndiye apange mwendo.

Mungu akuzidishie. Mnaojiandaa, kila mmoja abebe pampu yake.