Malalamiko kuhusu pikipiki isiyowaka ikipata joto na vipuri vilivyobadilishwa bila kupimwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA NA KUTENGENEZEWA PIKIPIKI CHINI YA DHAMANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Nilinunua kwenu pikipiki ya silinda moja, ya kabureta, yenye staata ya umeme pamoja na kiki, na muda wake wa dhamana haujaisha. Ninaandika kulalamikia namna karakana yenu ilivyoshughulikia hitilafu yake ya kuwaka. Mafundi walibadilisha betri, wakabadilisha plagi, na hatimaye wakabadilisha kabureta, na kila kipuri nikakilipia, lakini pikipiki ilirudi nyumbani na ugonjwa uleule kwa sababu haikupata kupimwa hata mara moja ikiwa katika hali niliyowaeleza.

Hali yenyewe niliiandika kwa mkono wangu kwenye fomu ya mapokezi: injini ikiwa baridi pikipiki inawaka bila shida, lakini ikitembea hadi ikapata joto na kisha kuzimwa, haiwaki tena mpaka ipoe. Niliongeza kwamba staata inazungusha injini kwa kasi ya kawaida, taa hazififii, gia iko huru, swichi ya kuzimia injini kwenye usukani iko mahali pake, na petroli imo tangini. Uzito wote wa taarifa hiyo uko katika neno "joto". Hata hivyo, kila mara pikipiki ililazwa karakanani, ikawashwa asubuhi, ikawaka, na kwenye kadi ya kazi ikaandikwa "imejaribiwa, inawaka". Bila shaka iliwaka. Ndivyo nilivyokuwa nimewaandikia kwamba itafanya. Kumpima mgonjwa wa homa za jioni saa mbili asubuhi na kumwandikia kwamba ni mzima si matibabu.

Nianze na betri, kwa kuwa ndiyo iliyonigharimu mapema zaidi. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa chaji husoma takriban volti 12.6 hadi 12.8 ikiwa imepumzika, na wakati staata inazungusha injini haitakiwi kushuka sana chini ya volti 10. Vipimo hivyo viwili vinahitaji multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, na muda usiofika hata wa kuandika ankara, lakini ankara yenu haina usomaji wowote, ina bei tu. Zaidi ya hayo, mfumo wa cheche wa pikipiki hii hupata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye magneto, yaani kizalisha umeme kinachozungushwa na injini yenyewe, wala hautegemei betri, na ndiyo maana pikipiki za aina hii huweza kuwashwa kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Injini ilipokuwa na joto ilikataa staata na ikakataa kiki vilevile. Jambo hilo peke yake lilitosha kuiondolea betri lawama kabla hata multimita haijatolewa kabatini.

Kuhusu plagi sina neno. Ni kipuri kinachochakaa na si ghali. Kabureta ni habari nyingine. Fundi aliyeifungua plagi mbele yangu aliikuta imelowa na inanuka petroli, akanionyesha, kisha akahitimisha kwamba kabureta haipitishi mafuta. Plagi iliyolowa inasema kinyume chake: mafuta yamefika ndani ya silinda, lakini hayakupata moto wa kuyachoma. Ningeweza kukubali hoja kwamba mafuta yanazidi, lau injini ingeshika baada ya kufunguliwa mafuta yote kwenye mpini wakati inazungushwa, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kukausha silinda iliyojaa petroli. Ilijaribiwa mbele ya fundi huyohuyo na haikushika. Pamoja na hayo kabureta ikabadilishwa, na hiyo mpya ikafungwa bila kurekebishwa mchanganyiko wake, hivyo sasa silensa inatoa moshi mweusi na pikipiki inakula mafuta kuliko awali.

Sikatai kwamba dalili ya kutowaka wakati wa joto ina vyanzo zaidi ya kimoja, na hilo ndilo linalofanya kupima kuwe wajibu badala ya hiari. Kitundu cha hewa cha mfuniko wa tangi kikiziba, mafuta hukoma kushuka baada ya safari. Dalili yake huonekana kwa kulegeza mfuniko na kujaribu tena, na mara nyingi plagi hukutwa kavu. Nafasi ya valvu ikiwa finyu mno, valvu hurefuka kwa joto, hushindwa kuziba sawasawa na mgandamizo hupotea. Hapo hupimwa nafasi kwa fila geji, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya, injini ikiwa baridi, na mgandamizo kwa geji yake injini ikiwa na joto. Cheche nayo hutazamwa kwa kuifungua plagi, kuirudisha kwenye kofia yake, kugusisha chuma chake na injini mbali na tundu lake, kwa kuwa mvuke wa petroli unaotoka hapo unaweza kushika moto, kisha kuzungusha injini. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachohitaji kununuliwa kipuri, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye kadi zenu za kazi.

Nililazimika kumwita fundi wa nje. Yeye aliiendesha kwanza hadi ikagoma, na papo hapo akatazama cheche: hapakuwa na kitu. Akafuata nyaya hadi kwenye soketi inayounganisha magneto na CDI, yaani kisanduku cha elektroniki kinachoendesha cheche, akaichomoa, akapima koili kutokea hapo. Koili inayolisha CDI ilikuwa sawa. Pulsa koili, yaani ile ndogo iliyo pembeni mwa sumaku ambayo huipa CDI ishara ya wakati wa kutoa cheche, haikuonyesha mawasiliano yoyote, kama waya uliokatika. Tulisubiri injini ipoe, akapima tena, na usomaji ukarudi ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha matengenezo cha pikipiki hii. Cheche ikarudi na injini ikawaka. Waya mwembamba ndani ya koili hiyo umekatika mahali ambapo hugusana ukiwa baridi na kuachana ukipata joto. Usomaji wote aliuandika, na nakala yake nimeiambatanisha pamoja na ankara zenu na kadi za kazi.

Nilipowasilisha matokeo hayo kwenye dawati lenu la huduma, nilijibiwa kwamba dhamana imefutika kwa kuwa pikipiki imeguswa na fundi wa nje. Jibu hilo silikubali. Hakuna boliti iliyofunguliwa wala kifuniko cha injini kilichotolewa. Soketi ilichomolewa, ikapimwa na kurudishwa. Pulsa koili haijabadilishwa, bado iko mahali ilipofungwa kiwandani, na mnaweza kuipima wenyewe kwa njia ileile, ilimradi muipime ikiwa na joto.

Kwa hiyo ninadai mambo yafuatayo. Pulsa koili ibadilishwe bila malipo chini ya dhamana. Nirejeshewe bei ya betri na kabureta pamoja na gharama za ufundi za kazi zote mbili, nami nitawarudishia vipuri hivyo mara tu nitakapopewa vile vya zamani, ambavyo niliviomba wakati wa kuichukua pikipiki na nikaambiwa vimekwisha kutupwa. Iwapo kweli vilitupwa bila idhini yangu, kabureta hii mpya ibaki kwangu na irekebishwe kwa gharama zenu, na betri nayo ibaki. Kabla ya kukabidhiwa, pikipiki iendeshwe hadi injini ipate joto kamili, izimwe na kuwashwa mbele yangu, na vipimo vya cheche na vya koili viandikwe kwenye kadi ya kazi kwa tarakimu.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokelewa kwa barua hii. Nisipolipata, nitapeleka nakala ya barua hii na viambatanisho vyake kwa mtengenezaji wa pikipiki na kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji.

Wenu katika kufuatilia suala hili,

Mteja, mmiliki wa pikipiki iliyoelezwa hapo juu

Viambatanisho: nakala za ankara, kadi za kazi, fomu ya mapokezi na taarifa ya vipimo vya fundi