Kuhusu lile kundi lenu la kujitolea

Likoni, Mombasa
12 Agosti 2025

Shoga yangu Mama Rukia,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, ila mzee bado anabishana na daktari wake wa macho, na mimi nimeshachoka kuwa refa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unasema mmewapata akina mama wa msikitini na wa kanisa la jirani, mko tayari kuanza kuwatembelea wenye matatizo ya akili hapo mtaani kwenu Tanga, na kilichobaki ni fulana na bango.

Fulana ziacheni kwanza.

Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii, kazi hii nimo ndani yake, kwa hiyo nikwambie ninavyoiona. Mtu wa kujitolea hatibu. Hatoi dawa, hatoi mawaidha, na dua hasomi ila aombwe. Mgonjwa anaonana na muuguzi dakika chache kwa mwezi. Siku zote zilizobaki yuko nyumbani na mamake. Sisi tuko kwa ajili ya hizo siku zilizobaki.

Kuna nyumba moja huku naiendea. Kijana alipangiwa sindano ya kila mwezi, na mamake akawa ameacha kumpeleka. Ukimwuliza, anakwambia nauli. Nauli ni shida kweli, maana ukishuka feri bado kuna matatu. Lakini nilihisi kuna jingine. Siku hiyo nikakaa naye uani tukachambua mchele, sikuuliza kitu. Mchele ulipokaribia kwisha ndipo akasema: "Akidungwa ile sindano shingo inamkakamaa, mate yanamchuruzika, watoto wa jirani wanamcheka. Bora nikae na mwendawazimu mwenye shingo yake." Basi kumbe ubishi haukuwa ubishi, wala mganga hakuhusika. Nikampigia muuguzi palepale, akasema aletwe, dozi itazamwe upya na apewe kidonge cha kuondoa ule mkakamao. Hospitali wasingejua kamwe, kwa sababu yule mama akikaa mbele ya daktari husema "anaendelea vizuri" halafu anaaga. Kwa mganga bado wanaenda. Sikuwakataza. Ningewakataza, mlango ule ningeufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Uliniuliza habari za wale bibi wa Zimbabwe wanaowasikiliza watu wenye mawazo mazito kwenye benchi, kwamba mnataka kufanya kama wao. Vizuri, lakini muige na yale yasiyopigwa picha. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza nao Mbare, Harare, mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya serikali kubomoa makazi na vibanda vya maelfu kwa maelfu ya watu. Hakupewa wauguzi wala chumba. Akapewa bibi 14, na kwa kuwa ndani ya kliniki hakuna nafasi, wakakaa nje kwenye benchi. Mtu anaulizwa maswali 14 kwa Kishona: je, umekuwa ukiwaza kupita kiasi, umekosa usingizi, umelia au kutaka kulia, kazi zako zinabaki nyuma? Kisha wanachagua tatizo moja tu kati ya yote aliyonayo, walitafutie njia, na wiki ijayo anarudi kusema ilikuwaje. Tatizo anachagua mgonjwa, si bibi. Hilo ndilo gumu kwa watu wa umri wetu, wewe na mimi tumezoea kuamua.

Na matokeo yalipimwa. Utafiti wa watu 573 katika kliniki 24 za Harare ulichapishwa 2016: baada ya miezi sita, waliopitia benchi na bado wana dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, walikuwa karibu 14 katika kila 100, na waliopata huduma ya kawaida karibu 50. Sasa linalosahaulika likisimuliwa: wale bibi walikuwa tayari wahudumu wa afya wa jamii chini ya idara ya afya ya jiji. Walifundishwa, na walikuwa na mtu wa kuwasimamia. Na akijibu mtu kwamba anasikia sauti wasizosikia wenzake, au kwamba amefikiria kujiua, bibi halibebi peke yake, analipeleka juu.

Ndiyo maana nakuuliza: juu kwenu ni nani? Mna muuguzi au tabibu aliyekubali, kwa jina na namba ya simu, kupigiwa hata usiku? Kama hamna, msianze. Kuna mwenzetu hapa alisikilizishwa mambo ya msichana mmoja, mambo ya kutisha, akarudi nayo nyumbani kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Akaacha kulala, mwisho akaacha kazi. Sasa kila baada ya wiki mbili tunakaa na muuguzi, majina hayatajwi, kila mmoja anatua alichobeba.

La pesa nalo lisemwe wazi. Huku kwetu miaka mingi tulifanya bure. Mwaka 2023 sisi wahudumu wa afya wa jamii tukatambuliwa rasmi, watu wapatao 100,000 nchi nzima, tukapewa mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari, simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa na serikali kuu na kaunti. Kwa upande wa akili mkoba hauna kitu, ni wewe na masikio yako. Posho yenyewe inaishia kwenye nauli na vocha. Lakini mama anayeuza vitumbua akikupa asubuhi yake amekupa mtaji, na asiporudishiwa hata nauli, mwezi wa tatu hutamwona, na mgonjwa aliyemzoea atahesabu kwamba na huyu naye amemkimbia. Hela za fulana zitatosha nauli za miezi kadhaa, piga hesabu.

Jingine: sheria. Kwetu Mahakama Kuu mwezi Januari 2025 ilifuta kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kwenu kifungu bado kipo, na watu wanaogopa kusema kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mkubaliane mapema na kituo cha afya nani anaambiwa, ili mtu asifikishwe polisi kabla ya kufikishwa kwa daktari. Na kuuliza muulize. Kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyethubutu.

Halafu yule dada yetu, unamjua, mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Mpeni kazi ya chai. Siri ikitoka mara moja mtaani kwenu mmekwisha.

Anzeni na akina mama watano, nyumba chache, na huyo muuguzi. Ukimpata niambie, nitamwomba wetu wazungumze kwa simu. Kitenge nimempa dereva wa basi la Ijumaa, na mara hii umpe yeye ile halua, usingoje mpaka nije.

Wako,
Mama Saidi